Sura Zisizo na Majina: Irma Stern na Picha za Watu Wetu

Miongoni mwa wachoraji wa kigeni waliojishughulisha na watu wa nchi zetu, Irma Stern ana nafasi ya pekee. Alizaliwa mwaka 1894 huko Transvaal, Afrika Kusini, kwa wazazi Wayahudi wenye asili ya Kijerumani. Alijifunza uchoraji Ujerumani, akatiwa moyo na mchoraji Max Pechstein, kisha akarejea Cape Town mwaka 1920. Wanazi waliposhika utawala mwaka 1933, Ujerumani haikuwa tena nchi ya kuendea, naye akazidi kuielekea Afrika. Alikwenda Unguja mwaka 1939 na tena 1945. Kongo alikwenda 1942, 1946 na 1955, na katika safari hizo alifika hata Rwanda. Vitabu vyake viwili, *Congo* (1943) na *Zanzibar* (1948), ni matunda ya safari hizo. Alifariki mwaka 1966.

Ufundi wake hauna shaka. Rangi aliipaka nzito, nyekundu na manjano ziking'aa, na uso wa mtu ukaijaza picha nzima. Picha kadhaa alizitia fremu za mbao zilizochongwa Unguja, zenye nakshi kama tunayoijua katika milango ya Mji Mkongwe. Tena tukumbuke kwamba aliishi katika nchi ambayo sheria zake zilimdunisha mtu mweusi. Kumpa Mwafrika heshima ya kuwa kiini cha picha halikuwa jambo dogo.

Hata hivyo, sisi walimu wa lugha hatuna budi kuuliza swali moja: watu hawa ni akina nani? Nyingi ya picha hizo zina jina la kabila au la kazi tu: mwanamke wa Kitutsi, Mwarabu, mke wa chifu. Chukueni picha mashuhuri ya mwaka 1945, iliyouzwa London mwaka 2011 kwa zaidi ya pauni milioni 3. Mzee yule wa Unguja ameitwa kwa Kiingereza padri wa Kiarabu. Lakini Uislamu hauna padri! Mtoto yeyote wa chuoni Unguja angetaja shehe, imamu au mwalimu. Mchoraji aliuona uso, asilijue neno. Na asiyejua neno la watu huwavika lake.

Sisi tulioko Kigali jambo hili latugusa kwa namna nyingine. Miaka ile ile ya 1930 utawala wa Kibelgiji uliwaandikia Wanyarwanda kabila katika vitambulisho, na mwaka 1994 vitambulisho hivyo vikawa hati za kifo vizuizini. Hatusemi kwamba mchoraji ana hatia ya hayo. Twasema tu kwamba mazoea ya kumwona mtu kama mfano wa kabila lake si mazoea yasiyo na madhara, hata yakipambwa kwa rangi nzuri.

Kati ya watu aliowachora Rwanda yumo Malkia Rosalie Gicanda, mke wa Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa. Huyu twamjua jina. Twajua kuwa alifiwa na mumewe mwaka 1959, akakaa Butare miaka mingi, akauawa huko tarehe 20 Aprili 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mwenye kuyajua hayo haoni tena urembo wa kigeni katika picha yake, amwona mtu. Hiyo ndiyo nguvu ya jina.

Basi, wenzetu, picha hizi zisifichwe, bali ziingizwe darasani. Mwanafunzi aandike wasifu wa mtu anayemwona, ampe kazi, jamaa na kauli yake mwenyewe, kisha ajadili jina analostahili kuitwa. Wahenga wamesema asiyekujua hakuthamini. Stern aliwathamini watu wetu kwa jicho. Kuwajua ni kazi aliyotuachia sisi.