Koti Juu ya Koti: Jinsi Julie Mehretu Anavyojenga Mchoro

Sanaa dhahania huhukumiwa haraka. Mtu akitazama kanvasi yenye mistari iliyotapakaa, asione uso wala mnyama, husema mchoraji kamwaga rangi akaenda zake. Kazi za Julie Mehretu zinaipinga hukumu hiyo, kwa sababu hatua zake zinafuatika moja baada ya nyingine.

Mehretu alizaliwa Addis Ababa mwaka 1970. Mwaka 1977, Ethiopia ikiwa mikononi mwa utawala wa kijeshi wa Derg, familia yake ilihamia Michigan, Marekani. Alisoma Kalamazoo, akapitia chuo kikuu cha Dakar, Senegal, kisha akahitimu shahada ya uzamili Rhode Island School of Design mwaka 1997. Alikuja kujulikana kwa jambo moja: kuchora mahali bila kuchora sura ya mahali penyewe.

Tuchukue Stadia II ya mwaka 2004, iliyoko Carnegie Museum of Art, Pittsburgh. Ina kimo cha mita 2.7 na upana wa mita 3.7 hivi. Msingi wake ni ramani za viwanja vya michezo, zilizofuatishwa kwa wino. Juu yake likapakwa koti la akriliki isiyo na rangi. Likikauka, linapigwa msasa hadi lilainike, kisha anachora tena, anafunika tena, anapiga msasa tena. Rangi za bendera zikakaa juu ya safu za majukwaa, na vistari vya mkono vya wino mweusi vikajaza uwanja kwa vurugu ya umati.

Siri iko kwenye koti hilo angavu. Mstari wa chini haufi. Unasogea nyuma tu. Kwa hiyo kina tunachokiona hakikutokana na hila ya kuchora peke yake: kuna unene halisi kati ya mstari na mstari. Msasa nao una kazi mbili. Unaondoa vinundu ili kalamu iteleze bila kukwama, na katika kazi nyingine Mehretu huutumia kufuta, akiacha kivuli cha kilichokuwapo.

Mwaka 2012 alifikisha njia hii mbali zaidi katika Mogamma, mchoro wa sehemu nne uliochukua jina la jengo lililokuwa la ofisi za serikali katika uwanja wa Tahrir, Cairo. Humo amepandanisha michoro ya viwanja vya umma, ukiwemo Meskel wa Addis Ababa. Baadaye akaacha ramani za majengo, akaanza na picha za habari anazozififisha kwa kompyuta kabla ya kuzigeuza kuwa msingi wa rangi. Conjured Parts (eye), Ferguson ya mwaka 2016 inatokana na picha ya ghasia za Ferguson, mji wa Marekani.

Hapo ndipo naona udhaifu. Picha ikishafifishwa kabisa, mtazamaji hubaki akitegemea jina la mchoro kujua kilichofichwa. Katika Stadia II hakuna haja hiyo: majukwaa yanajieleza yenyewe. Soko nalo limezithamini kazi zake; Novemba 2023, kazi yake ya mwaka 2008, Walkers With the Dawn and Morning, iliuzwa New York kwa dola milioni 10.7.

Mchoraji wa Mofu au Ifakara, Tanzania, hana sababu ya kungoja fedha hizo ili aijaribu njia hii. Bonde la Kilombero lina mistari yake: mto na matawi yake, reli ya TAZARA, daraja, majaruba ya mpunga, mipaka ya mashamba na pori la akiba. Anza na plaiwudi na wino, funika kwa vanishi ya maji isiyo na rangi, piga msasa laini, chora tena. Epuka vanishi ya mafuta juu ya maka peni, maana itatawanya wino, na jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni. Zaidi ya yote, usiweke koti la pili kabla la kwanza halijakauka. Anayekosa subira hapo atapata tope, si kina.