Wanaochelewesha Goli

Msimuliaji mzuri wa goli la Peter Tino haanzi na Peter Tino. Anaanza na ndege.

Anakurudisha Machi 1979, vita vya Kagera vikiwa vinaendelea, siku ndege ya kivita ya Libya, nchi iliyokuwa ikimsaidia Idi Amin, ilipokuja kuishambulia Mwanza. Ilikosa shabaha. Makombora yakaangukia kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Anayesikiliza kwa mara ya kwanza hudhani mzee amepotea njia: kaulizwa habari za mpira, yeye anasimulia swala. Wenyeji hawamkatizi. Wanajua anataka kwanza uwe mtu wa Mwanza wa mwaka ule, mtu aliyekwisha kutazama angani kwa hofu, ambaye ndugu yake alikwenda Uganda na jeshi, ambaye anapanga foleni kutafuta sukari na sabuni, na ambaye sasa, mwezi Agosti, ameketi mbele ya redio akingoja jambo moja tu zuri. Akishakuketisha hapo ndipo anaiwasha redio.

Mechi yenyewe inajulikana. Dar es Salaam, Taifa Stars waliifunga Zambia 1-0. Kwenye marudiano Ndola, Zambia wakatangulia, na jumla ikawa sare. Mko ugenini, mwenyeji anashambulia, saa haisimami. Halafu, katika dakika za lala salama, Tino. Matokeo yakawa 1-1, Stars wakafuzu, na Machi 1980 nahodha Leodegar Tenga na wenzake wakawa Lagos kwenye fainali za Mataifa ya Afrika, mara ya kwanza kwa nchi yetu. Mara ya pili ilikuja 2019, miaka 39 baadaye.

Hayo gazeti lolote linakupa kwa mistari minne. Kazi ya msimuliaji ni nyingine, na ndiyo ninayotaka kuisifu, maana tumewasifu wafungaji, makocha na watangazaji, lakini huyu wa kijiweni tumemchukulia kuwa mtu mwenye maneno mengi tu. Kazi yake ni kumfanya mtu anayejua kwamba goli litaingia aanze kuogopa kwamba halitaingia. Kama hujawahi kufanyiwa hivyo utaona ni jambo dogo. Mimi nimeona watu wazima, waliosikia kisa kilekile mara nyingi, wakishika vichwa Zambia wanapopata kona.

Ufundi huo niliusikia ukiwa katika ubora wake Kigongo. Kijiji hiki cha wilaya ya Misungwi kiko ukingoni mwa Ghuba ya Mwanza. Ng'ambo ni Busisi, wilaya ya Sengerema, kisha barabara inaendelea Geita na kwingineko. Kwa miaka mingi barabara hiyo ilikatikia majini. Mabasi, malori ya mahindi, wachuuzi wa dagaa, walimu wanaohamia vituo vipya, wote waliingoja pantoni: MV Mwanza, MV Misungwi, MV Sengerema. Maji ya kuvuka ni kama kilomita tatu tu, lakini foleni iliweza kumla mtu saa nzima au mbili, na kivuko kikiharibika ikawa zaidi. Sitaki kuipamba foleni ile. Mgonjwa wa rufaa anayekimbizwa hospitali ya Bugando hakuwa na nafasi ya kusikiliza hadithi. Ila ngoja-ngoja hiyohiyo ndiyo iliyowapa wasimuliaji uwanja wao, na wakajifunza kuutumia.

Kipimo chao kilikuwa ziwa. Pantoni iking'oa nanga Busisi, unaiona kwa mbali ikiwa ndogo juu ya maji. Hapo msimuliaji huanza. Ikifika katikati, Zambia wawe wamekwisha funga. Ikikaribia kiasi cha kuwaona watu waliosimama mbele ya magari, tuwe kwenye dakika kumi za mwisho. Na Tino afunge kabla mlango wa kivuko haujalazwa ukingoni, maana ukishalazwa kila mtu anarudi kwenye gari lake na goli linabaki bila wenyewe. Mzee mmoja aliyekuwa hodari kuliko wote niliowasikia pale hakuwa na saa mkononi. Alikuwa akitupa jicho majini, akiona kivuko kimekawia anamwongezea kipa wa Zambia mpira wa kuokoa au anampeleka winga wetu mpaka kwenye kibendera cha kona, arudi nyuma, atafute mwenzake.

Hapa kuna swali la uaminifu, nami nina msimamo wangu. Mzee huyo alinyoosha muda, hakubadili matokeo, na hakumpa mtu goli lisilo lake. Kuchelewesha ni halali. Wapo wengine, na si haba, wanaotia chumvi mpaka chakula hakiliki: wachezaji watano wanapigwa chenga, shuti linachana nyavu, refa analia. Hao hupata kicheko na hawapati hofu, kwa kuwa msikilizaji akishajua kwamba lolote linawezekana, hana tena sababu ya kuogopa. Aliye fundi huwapa wapinzani haki yao. Yule mzee alichukua muda mrefu kutuonyesha jinsi Zambia walivyokuwa wazuri, walivyopokea mpira na kugeuka, uwanja wao ulivyokuwa ukiimba. Kadiri alivyowasifu ndivyo tulivyozidi kusogea.

Vifaa vyake vilikuwa vizibo vya soda. Aliviokota palepale karibu na wauza mahindi ya kuchoma, akavipanga mchangani: vile vya rangi moja ni wao, vya rangi nyingine ni sisi, na kokoto ni mpira. Halafu alitugawia kazi. "Wewe mwanangu ndiye beki wao wa kulia. Umechoka. Tangu mwanzo unakimbizana na huyu." Kijana wa bodaboda aliyepewa ubeki huo hakuweza tena kusimama pembeni na kusikiliza, alikuwa na mtu wa kumkaba. Na kila msimuliaji alikuwa na mpokezi wake, mtu wa kusema "enhe" panapotakiwa, wa kuuliza "na kipa yuko wapi?" wakati swali hilo linaumiza. Mpokezi mbovu anaharibu kila kitu kwa kuwahi kusema "ndipo Tino akafunga!" Nimeona mtu akifukuzwa kwenye duara kwa kosa hilo, na nilikubaliana na waliomfukuza.

Sishangai kwamba watu wa huku wanalijua jambo hili. Usukumani kuna Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye ushindani wa tangu karne ya 19, vinavyokutana kila Juni kwenye sherehe za Bulabo, pale Bujora. Wanacheza kwa wakati mmoja, viwanja viwili jirani, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Hakuna jopo la kutoa alama. Mtazamaji anahama kwa miguu yake, na miguu hiyo ndiyo hukumu. Kigongo ilikuwa hivyohivyo: hapa duara la Simba, pale duara la Yanga, na kati yao wasafiri waliosimama na mifuko wakisikiliza kwa sikio moja moja. Msimuliaji akilegea, aliwaona kwa macho yake wakiondoka. Shule hiyo ni kali kuliko nyingi ninazozijua.

Mtu atasema wazee walikuwa na bahati, goli lao halikuonekana. Ni kweli, Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Goli la Ndola wengi wetu tulipewa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na kila aliyesikiliza akalichora kichwani kwa namna yake. Je, goli ambalo kila mtu analo kwenye simu linahitaji msimuliaji?

Nilidhani swali hilo lina jibu rahisi mpaka nilipomsikia mama mmoja aliyekuwa akiuza sato wa kukaanga karibu na maegesho ya mabasi. Yeye alisimulia goli la Clatous Chama dhidi ya Nkana, 23 Desemba 2018, Uwanja wa Taifa. Simba walikuwa wamefungwa 2-1 kule Kitwe. Dar, Nkana wakatangulia tena kupitia Walter Bwalya, na watu wakaanza kutazama milango ya kutokea. Jonas Mkude akasawazisha, Meddie Kagere akaongeza kabla ya mapumziko, jumla ikawa 3-3, na kipindi cha pili chote kikapita hivyo, penalti zikinukia. Zikiwa zimebaki dakika chache, Chama akaugusa mpira kwa kisigino, ukapita, Simba wakasonga mbele. Video yake ni ya sekunde chache tu. Mtoto yeyote atakuonyesha.

Mama yule hakuigusa video. Alisimulia kutoka nje ya kibanda umiza, alikokuwa na kikaango chake, mahali ambapo hakuona chochote isipokuwa migongo ya watu waliojazana mlangoni. Akatuonyesha migongo. Ilivyoinama Nkana walipofunga. Ilivyokaza kipindi cha pili. Alivyojua, bila kuona mpira, kwamba unakaribia goli la wapinzani, kwa sababu mtu wa mwisho mlangoni aliinua kisigino kupata kuchungulia. Hapo akanyamaza, akageuza samaki. Tulikuwa tunajua sote. Tulikuwa tumeiangalia video ile hata tumechoka nayo. Na bado yule dereva wa lori aliyesimama kando yangu alisema kwa sauti ya chini, "Mama, tafadhali."

Tangu siku hiyo siamini kwamba picha imeiua kazi hii. Picha inaonyesha mpira ulikopita. Haionyeshi watu waliokuwa wakiungoja, na goli la dakika ya mwisho ni la watu wanaongoja kuliko la mpira. Ndiyo maana goli la Sergio Agüero la 13 Mei 2012, lililoipa Manchester City ubingwa wa Uingereza, bado linasimuliwa na watu waliolitazama katika vibanda umiza vya Mwanza, ingawa saa iliyosoma 93:20 imekwisha chapwa hata kwenye fulana. Kila mmoja anasimulia alikokuwa ameketi, aliyekuwa amekata tamaa akatoka nje, aliyerudi mbio akiuliza.

Kuna jambo jingine alilolijua yule mama, na wazee wakalipokea kwa furaha. Chama ni Mzambia. Nkana ni ya Kitwe, na Kitwe na Ndola ni miji ya Ukanda wa Shaba, jirani kabisa. Tulikwenda kuchukua goli letu huko 1979. Miaka 39 baadaye mtoto wa nchi hiyohiyo akatufungia sisi dhidi ya watu wa kwao. Msimuliaji hodari hasemi hivyo waziwazi. Anaweka Ndola mwanzoni, anaweka Kitwe mwishoni, anakuacha uunganishe mwenyewe, na ukiunganisha unajiona mwerevu, na kisa kinakuwa chako.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua Daraja la J.P. Magufuli, kilomita tatu kutoka Kigongo mpaka Busisi. Sasa gari linavuka kwa dakika chache. Nimefurahi, na nitafurahi kila gari la wagonjwa linapopita. Lakini nilitaka kujua wasimuliaji watafanya nini na muda uliobaki, kwa hiyo kwenye basi la Geita nilikaa karibu na vijana waliovaa jezi nyekundu, nikatega sikio.

Mmoja alichagua goli jingine la Chama, la 16 Machi 2019 dhidi ya AS Vita, lililoipeleka Simba robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Alianza tairi zilipogusa daraja. Hakuna ndege, hakuna vizibo. Alianza na kipigo cha 5-0 kule Kinshasa, kwa sentensi moja, sauti yake ikiwa chini. Akaja Dar: Vita wanatangulia dakika ya 13, Mohamed Hussein "Tshabalala" anasawazisha dakika ya 36. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia kwa umri wake: akaanza kuhesabu nguzo za taa zinazopita dirishani kana kwamba ndizo dakika. Nguzo, na bado sare. Nguzo nyingine, Vita wanapata mpira wa kurusha. Abiria wa mbele waligeuza shingo. Dakika ya 90 ilimkuta karibu kabisa na ukingo wa Busisi, Chama akafunga, na basi likapiga kelele.

Mzee aliyekaa kiti cha nyuma hakupiga kelele. Alimgusa kijana begani. "Mwanangu, umesimulia vizuri. Lakini umeruka Saoura." Akamweleza: wiki moja kabla ya mechi ile Simba walifungwa 2-0 Algeria na JS Saoura, wakabaki mkiani mwa kundi na pointi 6, Vita na Al Ahly wakiwa na 7, Saoura 8. Sare ilikuwa haiwatoshi. "Msikilizaji asipojua hilo," alisema, "ataiona sare kuwa si mbaya. Hataogopa."

Kijana alifikiri kidogo, akageuka kitini akapiga magoti kuwatazama watu wa nyuma, akaanza upya kutoka Algeria.