Neno "Dhahabu": Asili si Maana

Ni desturi ya wataalamu wetu, wakishataja kwamba dhahabu ni neno lililotokana na Kiarabu dhahab, kufunga mjadala papo hapo. Hapana shaka asili hiyo ni sahihi. Lakini asili ya neno si asili ya kitu. Dhahabu iliyopitia Kilwa katika karne ya 14 ilichimbwa bara, katika nyanda za juu za Zimbabwe, na wasemaji wa lugha za Kibantu. Jina la Kiarabu ni alama ya soko, si ya mgodi.

Wala asili haitupi maana yote. Kusini ya Nyamache, ng'ambo ya mpaka wa Kisii na Narok, huko Lolgorien, pana mgodi wa dhahabu uitwao Kilimapesa. Jina ni la Kiswahili, lakini dhahabu haimo. Imo pesa, neno lenye asili ya Kihindi. Jina hilo halitaji mng'aro wala pambo, bali thamani. Kamusi inayoishia kwenye rangi ya madini na nasaba ya neno humnyima mwanafunzi wa Nyamache maana iliyo jirani yake.