Herufi Kubwa na Mipaka ya Maneno

Maneno yaliyoungana bila nafasi, kila moja likianza kwa herufi kubwa, ni jambo la kawaida katika maandishi yapitayo katika kompyuta. Majina ya mafaili aghalabu huandikwa hivyo kwa makusudi; matini nyingine hupoteza nafasi zake zinapohamishwa kutoka ukurasa uliopigwa chapa. Mkusanyaji wa matini kwa ajili ya kamusi hana budi kuyatenga, na chombo akimbiliacho ni rejeksi, yaani ruwaza za herufi, ambazo msingi wake wa kihisabati uliwekwa na Kleene katika makala ya mwaka 1956, na ambazo Thompson alieleza mwaka 1968 namna ya kuzitumia kutafutia maneno.

Kanuni mashuhuri ni fupi: penye herufi ndogo inayofuatwa na kubwa, nafasi hutiwa kati yake. Kwayo TanzaniaBara huwa Tanzania Bara. Yaipita mbali ile kanuni ya kivivu ya kutia nafasi mbele ya kila herufi kubwa, ambayo huitawanya BAKITA kuwa herufi sita zisizo na maana. Ikisaidiwa na kanuni ya pili, ikatayo kabla ya herufi kubwa ya mwisho katika mfululizo iwapo yafuatwa na ndogo, hata TUKINaBAKITA hutengeka sawasawa. (Ile Na hubaki na herufi kubwa isiyostahili, kama Es katika DarEsSalaam, ruwaza haijui kihusishi wala kiunganishi.)

Hitilafu kubwa iko kwingine. Kanuni hudhani kwamba herufi kubwa katikati ni mwanzo wa neno. Katika lugha za Kibantu huenda ikawa mwanzo wa shina tu. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996, katika toleo lake la Kiingereza, huorodhesha isiZulu, isiXhosa, isiNdebele na siSwati kando ya Setswana na Xitsonga. Kanuni ikipitishwa juu ya orodha hiyo, majina manne hukatwa vipande na mengine husalimika, ingawa yote yameundwa kwa njia moja: kiambishi na shina.

Katika matini ya Kiswahili madhara huzidi, kwa kuwa vipande hivyo hufanana na maneno halisi. Baadhi ya wataalamu wamezoea kuandika waGanda na kiHaya. Likikatwa, waGanda huwa wa Ganda, na kiambishi cha ngeli kikahesabiwa pamoja na kihusishi wa. KwaZulu nayo hutoa Kwa. Kipande isi kikijitokeza peke yake, msomaji atakishuku; lakini wa na kwa hupita bila kuulizwa, zikaingia katika hesabu ambayo mtunga sarufi ataitegemea. WanaCCM hupatwa na mkasa uo huo: kuna neno wana, tena lina maana yake.

Kuongeza urefu wa ruwaza hakuponyi jambo hili, maana tofauti kati ya TanzaniaBara na KwaZulu haimo katika umbo la herufi. Lifaalo ni orodha ya viambishi na majina yasiyokatwa, isomwe kabla ya kanuni. Na penye mkato iwekwe alama maalumu badala ya nafasi tupu, ili mhariri aweze kuliunganisha tena neno lililokatwa kwa makosa. Orodha hiyo haiwezi kutungwa na fundi wa programu peke yake, kwani wana ni kiambishi mahali pamoja na nomino mahali pengine, na wa kuamua ni yule aijuaye lugha.