Ringi Inayong'aa, Tabaka Lililoungua

Feleji ya beringi ina kaboni ya asilimia 1 hivi na kromiamu ya asilimia 1.5. Ikichomwa hadi nyuzi 840 za Selsiasi kisha ikazamishwa kwenye mafuta, ugumu wake hufika karibu 60 kwenye kipimo cha Rockwell C, na kisu cha kawaida cha mashine ya kukereza hakifui dafu. Ndiyo maana kwa miaka mingi ringi za beringi zilimaliziwa kwa jiwe la kusagia.

Mwaka 1957 Robert Wentorf wa General Electric, Marekani, alitengeneza boroni nitridi ya kyubiki, inayoifuatia almasi kwa ugumu. Visu vyenye ncha ya aina hiyo hukereza feleji ngumu ikiwa kavu, bila maji ya kupoza.

Ulaini wa uso hutegemea kwanza mwendo wa kisu kwa kila mzunguko. Kisu huacha mifereji, na kina chake hukadiriwa kwa kuzidisha mwendo kwa wenyewe, kisha kugawanya kwa mara nane ya nusu kipenyo cha ncha. Kwa ncha yenye nusu kipenyo cha milimita 0.8, mwendo wa milimita 0.2 huacha mfereji wa mikromita 6.3. Ukipunguzwa hadi 0.1, mfereji unabaki na mikromita 1.6 tu, yaani robo.

Basi kwa nini fundi asishuke hadi 0.02? Hesabu inaahidi mikromita 0.06, lakini chuma hakisomi hesabu. Makali yenyewe yana uviringo kidogo. Unyoleo ukiwa mwembamba kuliko uviringo huo, kisu hukandamiza badala ya kukata, na chuma husukumwa pembeni.

Kasi ya kukereza ina hila zaidi. Ikipanda, joto hupanda na kisu huchakaa upesi, huku uso ukiendelea kung'aa. Ubavu uliochakaa husugua ringi hadi ngozi yake ya juu inapata moto mkali na kupoa ghafla. Hapo huzaliwa tabaka jeupe la mikromita chache, gumu na lenye kukatika kirahisi. Chini yake chuma kimelegea. Mipira ya beringi ikianza kuzunguka, nyufa zinaweza kuanzia hapo.

Sindano ya kupima ulaini hupita juu bila kugundua lolote. Mchoro wa kiufundi unaodai ulaini peke yake, kwa hiyo, umeacha nusu ya kazi. Tabaka hilo huonekana kwa kukata ringi, kuing'arisha na kuipaka asidi ya nitriki iliyochanganywa na spiriti, kisha kuitazama kwa hadubini. Kwa kuwa huwezi kukata kila ringi, karakana makini hupima uchakavu wa kisu na kukibadilisha hata kama ringi ya mwisho imefaulu kipimo cha ulaini.