Nimeipanda Allez, na Kushuka Sitaki

Aisee! Niseme haraka kabla moto haujapoa: kama unaanza triathloni na mfuko wako si wa waziri, itazame Specialized Allez kabla ya kitu kingine chochote. Niliazimwa moja, nikatoka nayo alfajiri Masaki, nikapita Coco Beach, na nilipolivaa Daraja la Tanzanite, upepo wa bahari ukinipiga ubavuni, nikajikuta nacheka peke yangu. Unakanyaga, inaondoka. Unakanyaga tena, imeshafika!

Na ni ya alumini, jamani. Wapo watakaokunja uso wakilisikia neno hilo, maana siku hizi mtu bila kaboni anajiona hajavaa. Waache. Kaboni ipo pale inapohitajika zaidi, kwenye foku ya mbele, inayopunguza mtikisiko kabla haujafika viganjani. Toleo hili lilipotoka mwaka 2022 liliuzwa dola 1,200 Marekani, yaani karibu shilingi milioni 2.8 kwa viwango vya wakati ule, kabla ya usafiri na ushuru. Si hela ya vitumbua, najua. Ila baiskeli za kaboni zilizoundwa kwa triathloni pekee, zile za kulalia usukani, nyingine zinapita dola 10,000. Tena kwenye mashindano yanayoruhusu waendeshaji kufuatana kwa karibu ili kukwepa upepo, kama ya Olimpiki, usukani wa namna hiyo umekatazwa. Baiskeli ya barabarani kama hii inakubalika kote kuwili, kwenye mashindano hayo na kwenye yale yasiyoruhusu kufuatana.

Gia sasa! Ni Shimano Claris, mbili mbele na nane nyuma, meno 50 na 34 mbele. Ukiweka 50 mbele na 11 nyuma, ukazungusha pedeli mara 90 kwa dakika, unapita kilomita 50 kwa saa. Miguu itakwisha kabla ya gia, nakuhakikishia. Ni kweli kwamba kwa gia nane nyuma, kutoka moja kwenda nyingine kuna mruko unaousikia mguuni. Mimi naukubali kwa furaha, kwa sababu moja tu: cheni ya gia nane ni ya familia moja na zile za baiskeli nyingi za milimani zenye gia saba au nane. Ikikatika, hutasubiri kifurushi kutoka Ulaya.

Breki ni za diski, zinavutwa kwa waya. Zinataka mkono wenye nguvu kuliko zile za mafuta, lakini fundi yeyote anayeujua waya atazirekebisha. Tairi ndizo zilizoniteka kabisa. Pana! Fremu inameza hadi milimita 35, wakati baiskeli za mbio za zamani zilikuwa zinatembea na milimita 23 na kila shimo linakusalimia uti wa mgongo. Kwa barabara zetu zenye mchanga pembeni na matuta yasiyo na alama, huo upana ni uhai.

Halafu mkao. Kifua hakilazwi sana, shingo haikauki, na hili ndilo la kuangalia zaidi ya uzito na rangi. Mbio fupi za sprinti ni mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli, kisha kilomita 5 za kukimbia. Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, utakaa juu ya siti dakika 48, ukitoka majini, na bado miguu inakusubiri ukimbie. Ukishuka mgongo umejikunja, hizo kilomita 5 utazilipia moja moja. Kwa hiyo dukani usianze na bei. Kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Kisha shika breki. Ukilazimika kujinyoosha kuzifikia, fremu ni kubwa mno, na punguzo la bei halitaifupisha.

Kofia ngumu ni lazima, na ifungwe kidevuni kabla hujaitoa baiskeli kwenye kitundikio, la sivyo waamuzi watakuadhibu. Hakikisha pia ncha za usukani zina vifuniko vyake. Vile vishikio vya kulalia mikono, ambavyo wauzaji watakusukumia kwa neno lao pendwa "ero", viache dukani kwanza. Usukani huu ni wa duara wa kawaida na unavipokea siku yoyote. Hela hiyo nunua mipira miwili ya akiba, pampu ndogo na kaptula yenye sifongo. Kaptula hasa, ndugu yangu! Nunua leo.