Irabu Moja Inayogeuka

Mhispania akikukuta mezani hukwambia "que aproveche": chakula kikunufaishe. Kitenzi ni aprovechar, na katika habari ya kawaida kingeishia na a, aprovecha. Hapa a imetoka, e imeingia, na habari imekuwa dua.

Sikio la Mswahili halishtuki. Anasoma, asome, anakaa, akae. Habla ni anazungumza, hable ni azungumze. Ila Kihispania hakikuishia hapo. Vitenzi vya -ar huchukua e. Vile vya -er na -ir, ambavyo vina e tangu mwanzo, huvuka upande wa pili na kuchukua a. Come, anakula, huwa coma, ale. Vive huwa viva, aishi, na hiyo ndiyo viva inayopazwa mikutanoni. Napenda mno ubahili huu mwema: makundi mawili yameazimana irabu, wala hapakuhitajika kuundwa chombo kipya.

Kazi yenyewe huanzia kwenye umbo la mimi, hablo. Ondoa o, upange: hable, hables, hable, hablemos, habléis, hablen. Mwandishi naye ana uangalifu wake. Pagar, kulipa, hutoa pague, si page, kwa kuwa g mbele ya e ingetamkwa karibu na kh yetu ya kheri. U ile haitamkwi. Imekaa mlangoni kuilinda g. Buscar hutoa busque kwa sababu hiyo hiyo. Herufi hubadilika ili sauti isibadilike.

Lakini ustadi hasa uko kwenye kuchagua. "Busco a alguien que hable suajili": natafuta mtu anayezungumza Kiswahili. Hable, maana mtu huyo hajapatikana, labda hata hayupo. Akishapatikana, msemaji hubadili: "Conozco a alguien que habla suajili", namfahamu mtu anayezungumza Kiswahili. Sisi tumesema "anayezungumza" mara zote mbili. Mhispania amepima kwanza, katikati ya sentensi na bila kusita, kama mtu huyo yupo kweli au yumo katika matumaini tu. Nikimsikia Mhispania akiongea, huisubiri irabu hiyo kama anayesubiri pigo la mwisho la ngoma.

Neno linaloidai daima ni ojalá, lililobaki katika Kihispania kutoka Kiarabu cha Andalusia, ndugu wa inshallah yetu. Ojalá llegue: Mungu ajalie afike. Kitenzi ni llegar, na ile u bubu imekaa tena mlangoni.